Namna ya kupima masomo ya uchunguzi wa mtandaoni yanayoandaliwa na wanachuo wa ualimu: mwongozo kamili

Mwaka wangu wa kwanza kusahihisha masomo ya aina hii nilimpa mwanachuo mmoja alama 46 kati ya 50. Ukurasa wake ulikuwa msafi, picha zimekaa mahali pake, kila kichwa kinafunguka ukikibonyeza. Wiki tatu baadaye nikamfuata shuleni kwenye mazoezi ya kufundisha, nikakaa nyuma ya darasa na daftari langu. Somo lilipangiwa dakika 80. Lilikwisha kwa dakika 11. Wanafunzi walifungua kiungo cha kwanza, wakakopi, wakapesti, wakageukiana kupiga soga. Mwanachuo akanitazama, nami nikatazama dirishani, maana zile alama 46 nilizitoa mimi.

Mwongozo huu umetokana na kujirekebisha kwangu tangu siku ile. Nimeuandika kwa ajili ya wakufunzi wa vyuo vya ualimu, walimu wanaolea wanachuo mashuleni, na wanachuo wenyewe wanaotaka kujipima kabla hawajapimwa.

Tunapima kitu gani hasa

Mwaka 1995 Bernie Dodge, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha San Diego State huko California, alibuni pamoja na Tom March muundo wa somo alioupa jina WebQuest. Wazo lenyewe ni jepesi: mwanafunzi asimalize kipindi akitafuta taarifa, bali akitumie kipindi hicho kuzifanyia kazi. Mwalimu anachagua kurasa mapema, anaziweka mahali pamoja, kisha anampa mwanafunzi jambo la kutenda kwa kutumia yaliyomo. Kwa kawaida somo lina utangulizi, kazi, mchakato (yaani hatua za kufuata), vyanzo, tathmini na hitimisho, na mara nyingi ukurasa wa pembeni kwa ajili ya mwalimu mwingine atakayetaka kulitumia. Hapa nitaliita somo la uchunguzi.

Usilichanganye na ile amri ya “nendeni mkatafute Google.” Kule mwanafunzi anatupwa baharini. Huku mwalimu ameshachonga mtumbwi, na wewe unayepima unatakiwa kuukagua huo mtumbwi: unavuja wapi, unabeba watu wangapi, na unakwenda wapi.

Hatua ya 1: Gawa uzito wa alama kabla hujafungua kazi hata moja

Dodge na wenzake walitoa jedwali la vigezo lenye jumla ya alama 50, na vyuo vingi duniani vimelitumia au kulirekebisha. Mgawanyo wake ni huu: mwonekano wa jumla 10, utangulizi 4, kazi 10, mchakato 12, vyanzo 8, na tathmini ya mwanafunzi 6. Ni jedwali zuri la kuanzia, na kwa mkufunzi mgeni ningemshauri alitumie kama lilivyo kwa awamu ya kwanza.

Mimi nina ugomvi nalo mmoja. Mwonekano unapata alama 10, sawasawa na kazi yenyewe. Miaka ile ya tisini kutengeneza ukurasa wa wavuti kulihitaji ufundi, na ufundi ule ulistahili alama zake. Leo mwanachuo anafungua Google Sites, anachagua kiolezo, na ndani ya nusu saa ana ukurasa unaopendeza kuliko tovuti ya halmashauri. Ukimlipa alama 10 kwa hilo umeilipa Google. Ndivyo nilivyofika kwenye ile 46.

Mgawanyo ninaoutumia sasa, bado kwa jumla ya 50:

Kazi: 16
Mchakato: 12
Vyanzo: 10
Vigezo vya kumpima mwanafunzi: 6
Utangulizi na hitimisho: 3
Mwonekano, tahajia na urahisi wa kupita kurasa: 3

Si lazima ukubaliane nami kwenye tarakimu. Lakini uzito uandikwe, ugawiwe kwa wanachuo siku wanapopewa zoezi, na usibadilishwe katikati ya kusahihisha. Ukianza kubadilisha ukiwa kwenye kazi ya 23, wale 22 wa mwanzo umewadhulumu.

Hatua ya 2: Lifanye somo mwenyewe, ukiwa mwanafunzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote kwa sababu inakula muda. Usiiruke. Chukua simu ya kawaida, si kompyuta yako ya ofisini. Zima waifai, tumia bando. Andika salio la MB kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Weka saa. Kisha fanya kile ambacho mwanafunzi ameambiwa afanye, mpaka mwisho, pamoja na kuandika hicho kinachotakiwa kuandikwa.

Nasema simu kwa makusudi. Shule nyingi wanazokwenda wanachuo wetu hazina maabara ya kompyuta inayofanya kazi. Kilichopo ni simu ya mwalimu, kishikwambi kimoja au viwili (walimu wengi wa Tanzania walipata vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022), pengine projekta ya kuazima. Somo linalopendeza kwenye skrini ya inchi 15 na kugeuka vurugu kwenye simu, huko linakokwenda halitafundishwa.

Unapofanya, andika mambo matatu tu: umetumia dakika ngapi, umekwama wapi, na ni wakati gani ulilazimika kusimama ukafikiri. Hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa. Kama umefika mwisho na hakuna mahali uliposimama kufikiri, hesabu ya alama imeshaanza kujipanga yenyewe.

Kwa wanachuo 40 hutaweza kuyafanya yote kikamilifu, najua. Fanya kumi kikamilifu, mengine fanya mpaka nusu ya mchakato. Hata hivyo ni afadhali mara kumi kuliko kusoma kurasa kama unavyosoma gazeti.

Hatua ya 3: Ipime kazi

Hapa kaa. Sehemu nyingine zote za somo zipo kwa ajili ya kuihudumia kazi. Kazi ikiwa mbovu, haziwezi kuiokoa.

Nichukue mfano ninaoujua vizuri, wa Vita vya Majimaji, kwa sababu kila mwaka ninapata walau wanachuo watatu wanaouchagua. Mmoja aliandika hivi:

“Soma kurasa zilizotolewa kisha eleza sababu sita za Vita vya Majimaji na matokeo yake manne.”

Mwanafunzi anayesoma Historia anajua swali hili tangu shule ya msingi. Majibu yamo kwenye ukurasa wa kwanza, yamepangwa kwa namba. Hakuna haja ya mtandao; kitabu cha kiada kingetosha, na kingekuwa rahisi zaidi. Kwenye alama 16, hapa sitoi zaidi ya 4.

Mwanachuo wa pili alijua kwamba swali la namna hiyo halitapita, akalivalisha nguo: “Wewe ni mwandishi wa habari mwaka 1905. Andika taarifa kuhusu sababu za vita.” Inapendeza kwa haraka. Lakini mwandishi huyu ana kazi gani tofauti na yule wa kwanza? Atakopi sababu zilezile sita, ataongeza “Ripota wetu, Kilwa,” basi. Kumvika mwanafunzi joho la hakimu hakumpi kesi ya kuamua. Kosa hili ni la kawaida mno, na wakufunzi wengi wanalipa alama nyingi kwa sababu lina sura ya ubunifu. Mimi natoa 6 au 7.

Wa tatu, baada ya kurudishiwa kazi mara mbili, alileta hii:

“Tuseme Makumbusho ya Majimaji yaliyopo Songea yanataka bango jipya la mlangoni, maneno yasiyozidi 120, litakaloeleweka kwa mtoto wa darasa la sita. Bango lazima litaje idadi ya watu waliokufa katika vita. Vyanzo vyenu vinatoa idadi zisizofanana. Amueni mtaandika nini. Kisha mwandikieni mkuu wa makumbusho barua ya nusu ukurasa kumweleza kwa nini mmeandika hivyo.”

Tazama kilichotokea. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeitafiti vita hii kwa kina, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi hawezi kukopi jibu, kwa sababu jibu halipo mahali pamoja. Inabidi aulize: nani alihesabu? Alihesabu waliopigwa risasi tu, au na waliokufa kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala? Kwa nini serikali ya kikoloni ingependa idadi ndogo? Akishafika hapo, sababu na matokeo ya vita atavijua tu, tena bila kulazimishwa, kwa kuwa hawezi kuliandika bango bila kuvijua. Na maneno 120 yanamlazimisha kuchagua lipi libaki na lipi liondoke. Nilimpa 15. Moja niliibakiza kwa sababu hakusema ni nani katika kikundi mwenye neno la mwisho wakishindwa kukubaliana.

Kutokana na mifano kama hiyo nimejitengenezea majaribio manne ya haraka.

La kwanza ni jaribio la kukopi. Je, naweza kumaliza kazi kwa kunakili vipande kutoka kurasa zilizotolewa na kuvipanga? Kama ndiyo, ni kazi ya kusimulia upya. Dodge aliorodhesha aina 12 za kazi zinazofaa kwa masomo haya, kuanzia kusimulia upya na kukusanya, hadi kutoa hukumu, kutafuta mwafaka, kushawishi, kufumbua fumbo na kubuni kitu. Wanachuo wakiachwa wenyewe huganda kwenye zile mbili za mwanzo. Si dhambi kuzitumia, ila zisiwe ndiyo somo zima.

La pili ni jaribio la akili unde. Bandika maelezo ya kazi kwenye ChatGPT au programu yoyote ya jamii hiyo, bila kuipa vyanzo. Ikiandika jibu ambalo kwa vigezo vya mwanachuo mwenyewe lingepata alama zote, mrudishie. Hili limekuwa jaribio langu kali kuliko yote, na wanachuo wanalichukia. Dawa yake mara nyingi ni kuifunga kazi kwenye jambo la karibu: mahojiano na mzee wa mtaani, bei za sokoni wiki hii, ramani ya kata yao, au uamuzi unaotegemea vyanzo vile vilivyotolewa na si vingine.

La tatu, jiulize: watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuifanya kazi hii wakatoka na majibu mawili tofauti, yote yakitetewa vizuri? Kazi nzuri ya uchunguzi ina nafasi ya mabishano.

La nne ni muhtasari (silabasi). Fungua muhtasari wa somo wa darasa husika, tafuta umahiri ambao kazi hii inaujenga. Mwanachuo akishindwa kukuonyesha mstari wenyewe, kazi yake inaweza kuwa nzuri lakini haina pa kukaa kwenye azimio la kazi, na mwalimu mkuu ataiona kama mchezo. Kwa Tanzania, mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha lugha kwa mada kama Majimaji kimepungua sana.

Hatua ya 4: Bonyeza kila kiungo

Kila kimoja. Usimwamini mwanachuo, na usijiamini kwamba ulikwisha kuviona.

Mara moja nilikagua somo la viungo tisa. Viwili vilikuwa vimekufa. Vitatu vilileta makala ileile, neno kwa neno, iliyokopiwa na blogu tatu tofauti. Kimoja kilikuwa video ndefu ambayo ingemaliza bando la siku nzima la mwanafunzi. Kimoja kilifunguka kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Vilivyobaki vizuri vilikuwa viwili. Hapo mwanachuo alikuwa amejipa alama zote za vyanzo kwa sababu “viko vingi.”

Wingi si hoja. Kwa kazi ya vipindi viwili, vyanzo vitano vinavyotofautiana vinatosha na kubaki. Unapovipima, jiulize kwanza kama mwanafunzi wa darasa hilo anaweza kukisoma chanzo akakielewa kwa msaada uliotolewa. Pili, nani ameandika na ana mamlaka gani ya kusema. Makala isiyo na mwandishi, isiyo na tarehe, iliyojaa matangazo ya kubeti, haifai hata kama yaliyomo ni kweli. Tatu, vyanzo vinapingana mahali fulani? Vikikubaliana vyote, mwanafunzi atasoma kimoja na kuacha vingine, na atakuwa na haki.

Kisha kuna suala la umeme na mtandao. Natoa alama mbili kamili kati ya zile 10 kwa mwanachuo aliyeandaa njia mbadala: amehifadhi kurasa kwenye flashi au kishikwambi, au amechapa zile muhimu kwenye karatasi. Wenzangu wengine wanasema hilo si la mtandaoni tena. Waende wakafundishe mahali mtandao unapokatika saa nne asubuhi, halafu tuzungumze.

Jambo la mwisho kuhusu vyanzo: si lazima vyote viwe kurasa. Picha ya zamani iliyopigwa na simu ukutani kwa bibi, sauti ya mzee iliyorekodiwa, hata risiti ya duka, vyote vinaweza kupakiwa na kuwekwa kwenye somo. Mwanachuo anayefanya hivyo ameelewa jambo ambalo wengi hawajalielewa.

Hatua ya 5: Fuata mchakato kama mtu asiyejua kitu

Mchakato mzuri unasomeka kama maelekezo ya mapishi: nani, afanye nini, kwa muda gani, na akimaliza awe na nini mkononi. Sentensi kama “jadilianeni katika vikundi” haielekezi chochote. Wajadili nini? Watoke na nini? Dakika ngapi?

Angalia hasa ugawaji wa majukumu. Wanachuo wanapenda sana kugawa wahusika, na mara nyingi wanagawa majina tu. Nimeona somo kuhusu sangara wa Ziwa Victoria lenye wahusika wanne: mvuvi, mama muuza dagaa, mwenye kiwanda cha minofu, na mtaalamu wa mazingira. Mada nzito kwelikweli. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaleta biashara kubwa ya kuuza nje, na papo hapo aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka au kupungua mno. Kila mhusika ana haki yake na kila mmoja ana la kupoteza. Lakini mwanachuo aliwapa wote wanne kurasa zilezile tatu. Matokeo yake yule mvuvi na yule mwenye kiwanda walijua mambo sawa, wakasema mambo sawa, wakakubaliana kabla hawajaanza.

Kanuni ninayotumia: kila mhusika awe na walau chanzo kimoja ambacho wenzake hawana, na kazi isiwezekane kumalizika bila kukichangia. Hapo kikundi kinakuwa na sababu ya kuwa kikundi. Pasipo hivyo, mmoja anaandika, watatu wanamtazama.

Tafuta pia ngazi za kupandia. Kazi ngumu ni sawa, lakini mwanafunzi apewe cha kushika. Kwenye lile somo la Majimaji, mwanachuo aliweka jedwali dogo la safu nne la kujaza kwa kila chanzo: kinasema idadi gani, nani amesema, lini, na alikuwa na faida gani kusema hivyo. Jedwali hilo moja lina thamani kuliko aya tatu za “chambueni vyanzo kwa makini.” Aliongeza pia mfano wa barua ya nusu ukurasa kuhusu mada nyingine, ili wanafunzi waone umbo bila kupewa jibu. Kwenye mchakato nilimpa 11 kati ya 12.

Halafu fanya hesabu ya muda. Jumlisha dakika za hatua zote, ongeza dakika 10 za kuingia, kuwasha vifaa na kulalamika, kisha linganisha na kipindi. Wengi wanazidisha kwa mara mbili.

Hatua ya 6: Vigezo vya kumpima mwanafunzi

Funika kazi kwa mkono, soma vigezo peke yake. Unaweza kukisia somo linahusu nini? Kama huwezi, vigezo vimeokotwa mahali.

Hivi ndivyo vinavyokuja mara nyingi: “Vizuri sana: amefanya kazi vizuri sana. Vizuri: amefanya kazi vizuri. Wastani: amefanya kazi kwa wastani.” Hii ni ngazi isiyo na vidato. Kwa bango la Majimaji, kigezo kinachofaa kingesomeka hivi: “Vizuri sana: barua inataja walau makadirio mawili, inaeleza yalikotoka, na inasema kwa nini moja limechaguliwa au kwa nini yote yametajwa. Wastani: barua inataja makadirio mawili lakini inachagua bila kutoa sababu. Hafifu: idadi moja imeandikwa kana kwamba haina ubishi.” Mwanafunzi akikisoma hicho kabla ya kuanza, amepata nusu ya mafunzo.

Kagua pia kama vigezo vinapima kile ambacho kazi imeomba. Nimewahi kukuta kazi ya kushawishi ambayo theluthi mbili ya alama zake zilikuwa za mwandiko na rangi za bango.

Hatua ya 7: Utangulizi, hitimisho na mwonekano

Upesi upesi. Utangulizi uwe mfupi, umshike mwanafunzi, usiwe muhtasari wa sura ya kitabu. Hitimisho limpe swali la kuondoka nalo, lisiwe “hongera kwa kumaliza.” Mwonekano: maandishi yasomeke kwenye simu, tahajia iwe safi, na mwanafunzi asipotee. Mandhari ya zambarau yenye nyota zinazometa hayaongezi alama. Yakizuia kusoma, yanapunguza.

Hatua ya 8: Sahihisheni wawili, kisha mlinganishe

Alama za mtu mmoja zina hali ya hewa yake. Asubuhi unatoa 38, jioni umechoka unatoa 31 kwa kazi ileile. Tafuta mwenzako mmoja. Chagueni masomo matatu, moja mnaloona bora, moja la katikati, moja dhaifu, myasahihishe kila mtu kivyake, halafu mkae mbishane kipengele kwa kipengele. Kikao hicho cha saa moja kinaokoa ugomvi wa muhula mzima. Baada ya hapo kila mmoja asahihishe bila kuona alama za mwenzake.

Mkimaliza, pimeni makubaliano yenu. Tuseme mlisahihisha masomo 20, na kila mmoja akaamua kama somo “linafaa kufundishwa” au “lirudishwe.” Wewe umepitisha 14, mwenzako 13, na mmekubaliana kwenye 15: mmepitisha pamoja 11 na kurudisha pamoja 4. Asilimia 75, inasikika vizuri. Lakini hata mngepiga kura kwa kurusha sarafu zilizoelemea upande wa kupitisha kama ninyi, mngekubaliana mara nyingi tu. Kwa bahati peke yake makubaliano yangekuwa 0.70 × 0.65 kujumlisha 0.30 × 0.35, yaani 0.56. Toa 0.56 kwenye 0.75, gawa kwa kilichobaki kutoka 0.56 mpaka moja, yaani 0.44. Unapata 0.43. Kipimo hiki kinaitwa kapa ya Cohen, kimekuwepo tangu 1960, na kwa 0.43 kinawaambia kwamba mnakubaliana kwa kiasi tu. Rudini kwenye yale masomo matano mliyotofautiana. Kwa uzoefu wangu, ugomvi karibu wote utakuwa kwenye kazi: mmoja ameona ubunifu, mwingine ameona joho la hakimu.

Hatua ya 9: Mrudishie mwanachuo kitu cha kufanyia kazi

Alama peke yake haimfundishi mtu. Nami sitoi zaidi ya maoni matatu kwa kazi moja, na la kwanza huwa kuhusu kazi, hata kama tahajia imeniudhi vipi. Ukianza na tahajia, atasahihisha tahajia na kukuletea kazi ileile mbovu ikiwa na nukta mahali pake.

Mazungumzo na yule mwanachuo wa bango la Majimaji, siku alipoleta toleo lake la kwanza, yalikuwa hivi.

“Madam, mbona alama za kazi ni nne? Nimeweka na picha za Kinjekitile.”

“Nimeziona. Niambie, mwanafunzi akishasoma ukurasa wa kwanza, wa pili anausomea nini?”

Akanyamaza. “Kuthibitisha?”

“Kathibitisha. Wa tatu?”

“… Hana haja nao.”

“Basi tafuta kitu kitakachomfanya awe na haja nao.”

Sikumwambia kuhusu idadi ya waliokufa. Aliirudia kazi mara moja, bado haikutosha; mara ya pili akaja mwenyewe na vyanzo viwili vyenye tarakimu zisizolingana, akidhani kimoja kimekosea kuchapa, anauliza akiondoe kipi. Nikamwambia asiondoe hata kimoja.

Hatua ya 10: Lione darasani

Alama za makaratasi ziwe za muda mpaka ulione somo likifundishwa, au walau mpaka mwalimu mlezi aliyeliona akujazie fomu. Ukifika, usikae mbele. Kaa karibu na kikundi kimoja, kile cha kando, na uandike kila baada ya dakika tano kikundi kinafanya nini: wanasoma, wanabishana kuhusu mada, wanakopi, wanasubiri kifaa, au wanapiga soga. Kipindi cha dakika 80 kinakupa kumbukumbu 16 za namna hiyo. Zihesabu.

Kusubiri kifaa kukizidi mara nne, tatizo ni mchakato: vikundi ni vikubwa mno au vyanzo havikuchapwa. Kukopi kukitawala, rudi kwenye kazi hata kama mlishaipitisha. Na ukisikia mabishano yenye “lakini hiki kinasema…”, andika maneno yenyewe waliyoyatumia, kwa sababu mwanachuo aliyesimama mbele hawezi kuyasikia na atataka kujua.

Kwenye darasa la lile bango, kikundi nilichokaa nacho kilitumia robo saa nzima kugombania neno moja: waandike watu 75,000 “walikufa” au “walihesabiwa kuwa wamekufa.” Kengele ililia hawajamaliza maneno 120. Mwanachuo alikuja kuniomba radhi kwamba muda haukutosha. Kwenye kipengele cha muda nilimkata alama moja, nikamwambia awape kipindi cha pili.